Simbilisi Wawili na Siku Zangu Arobaini

Uvumilivu wangu uliisha saa kumi alasiri mbele ya kizimba cha simbilisi, mtoto wangu wa siku ishirini na moja akiwa amelala begani. Daktari Bishar alikuwa ndiyo kwanza anamaliza kubandika karatasi kwenye wavu. Aliiandika kwa mkono wake, herufi kubwa, na akaipiga muhuri wa kliniki: WAGONJWA HAWA WAPUMZIKE WIKI MBILI. WASISUMBULIWE. WAPEWE CHAKULA KIZURI NA UTULIVU.

Halafu akageuka akaniambia, "Rahma, kesho njoo mapema kidogo. Kuna mbuzi watano wa kukatwa kwato."

"Daktari, hiyo karatasi umeisoma?"

"Nimeiandika mimi."

"Isome basi."

Akaisoma kwa sauti, mpaka kwenye utulivu. Hakuona kitu.

Sasa nimestaafu. Nina miaka ishirini na tisa, na shemeji yangu anasema mtu hastaafu kabla ya mvi, anaacha kazi tu. Mimi nasema anayehesabu miaka ni mgongo, si nywele. Miaka tisa nimeshika wanyama wa watu katika kliniki moja hapa Garissa. Nimepigwa teke na punda, nimeng'atwa na paka ambao wenyewe waliapa ni wapole, na nimetemewa cheuo na ngamia siku ya Idi, nguo mpya. Nawaandikia nyinyi mliobaki pale, Hodan na wale watakaokuja, kwa sababu mimi hakuna aliyeniandikia. Niliambiwa tu, shika hapa.

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu yote siku ya kwanza. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nina alama nzuri ya baiolojia na viatu vyeupe. Nilidhani nitapewa daftari. Nilipewa mbuzi dume. Aliyenipa ni Eedo Kaltuma, mhudumu wa zamani pale, mama mnene wa Tarbaj ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja na alijua wanyama kuliko sisi wote, daktari akiwemo. Tulimwita Eedo, yaani shangazi, hata wale waliomzidi umri. Alivitazama viatu vyangu kwa muda.

"Hii viatu ni ya harusi," akasema. "Nani anaoa? Huyu mbuzi?"

Kufikia adhuhuri viatu havikuwa na rangi inayojulikana. Eedo alinipa malapa yake ya zamani na taulo moja kuukuu, nzito, imefuliwa mpaka imekuwa ngumu kama ngozi. Akaniambia, "Dawa ni ya daktari. Taulo ni yako." Mkiniuliza leo chombo gani ni cha kwanza katika kazi hii, sitasema bomba la sindano. Nitasema taulo. Paka mkali unamfunga nayo kama sambusa, abaki kichwa tu. Mbuzi mwoga unamfunika macho. Na wanyama wawili wakigombana unatupa taulo katikati. Mkono usiutie hapo, kwa sababu vidole havioti tena.

Kesi nyingi zilikuwa za mbuzi wa mjini, waliokula kila kitu isipokuwa majani. Daktari alikuwa akifungua tumbo, mimi nashika beseni, na yeye anatoa mifuko ya plastiki, kamba, tena mifuko. Siku moja ilitoka soksi nzima ya mwanamume. Mwenye mbuzi, mama mmoja muuza maziwa, aliitambua palepale. Alimwinamia mbuzi aliyelala pale na kumuuliza kwa upole, "Na ya pili umeiweka wapi?"

Lakini kesi iliyonifundisha kazi ilikuwa ya ngamia. Wafugaji wa upande wa Liboi walileta ndama mwenye jeraha la mwiba mguuni. Tukamtibu siku tano, tunamwosha kwa dawa asubuhi na jioni. Siku ya sita tukamrudisha kwa mama yake aliyekuwa nje ya ua, na mama akampiga teke. Ndama akarudi tena, akapigwa tena. Daktari alianza kutafuta sindano. Eedo alimwambia, "Adeer," yaani ami, "weka sindano chini." Alichukua chumvi, akachukua maziwa ya yule mama na mchanga aliokojolea, akampaka ndama mgongoni na matakoni, kisha akamfunga karibu, mama amwone na amnuse bila kumfikia. Jioni mama alikuwa anamlamba.

Nilimuuliza sababu. Akanijibu huku ananawa mikono. "Mnyama hana kipande. Kitambulisho yake ni harufu. Nyinyi mmemnyang'anya kipande, mmempatia sabuni. Sasa amefika kwa kizuizi ya barabara, askari anamuuliza wewe ni nani. Atasema nini?"

Mtu wa Garissa haelezwi zaidi ya hapo. Nilikumbuka maneno hayo miaka yote, na Eedo alipozeeka akarudi Tarbaj kwa wanawe, nilibaki mimi ndiye wa kuitwa wanyama wakikataana.

Sasa hao simbilisi. Walikuja mwaka jana kutoka shule moja ya binafsi. Mwalimu wa sayansi, mtu wa Kakamega, aliwaleta mjini ili wanafunzi waone mnyama anayefugwa ndani. Mjini watu waliwaita panya wa mwalimu. Ni majike wawili, wanene, hawana mkia, wana sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Watoto waliwapa majina kwa rangi. Wa manjano aliitwa Halwa. Yule wa kahawia iliyokoza, mwenye manyoya ya kukunjamana, aliitwa Nyirinyiri, kwa kuwa alifanana kabisa na ile nyama tunayokausha na kuihifadhi kwenye samli. Walikua pamoja tangu wadogo. Wakila, wanakula bega kwa bega. Mmoja akitoka kwenye kisanduku, wa pili anamfuata akilalamika.

Shida ilikuwa maji. Shule ilitumia maji ya kisima kirefu, yale mazito yanayoacha ukoko mweupe kwenye sufuria, na Nyirinyiri akapata jiwe kwenye kibofu. Aliletwa akikojoa damu na kupiga kelele. Daktari alimpasua akatoa jiwe la ukubwa wa ndengu. Mkono wake ni mzuri, hilo sitamnyima. Mnyama ni mdogo kama mkate wa nusu, na alimfungua na kumfunga akaamka anatafuta pilipili hoho.

Mimi wakati huo nilikuwa na mimba ya miezi minane, tumbo linafika mezani kabla yangu. Nilimwambia daktari, "Yule mwenzake tumweke hapa hapa, kizimba cha pili, wavu kwa wavu, wasisahauane." Akasema mwenye shule anataka watoto wabaki na mmoja. Mwenye shule huyo ana ngamia wengi, na wote wanatibiwa kwetu, kwa hiyo daktari akimwona hukaa wima kama mwanafunzi. Halwa akarudishwa shuleni. Nyuzi za Nyirinyiri zikapata usaha, wiki moja ikawa zaidi ya mwezi. Katikati ya hayo mimi nikajifungua msichana, Ifrah, na nikaanza siku zangu arobaini.

Kwetu mwanamke aliyejifungua hatoki siku arobaini. Analala, anakunywa supu na uji wenye samli, wanawake wanamzunguka, na siku ya mwisho anafukizwa uunsi, ule ubani wetu wa sukari na marashi, ndiyo anatoka nje akinukia kama bibi harusi. Mama yangu alikuja na sufuria zake mwenyewe. Likizo yangu ilikuwa miezi mitatu, imeandikwa, daktari ametia sahihi. Mimi nilidhani sahihi ni kitu.

Siku ya nne alipiga simu kuuliza ufunguo wa kabati la dawa uko wapi. Uko kwenye msumari, ulipokaa miaka tisa. Siku ya tisa alitaka kujua yule paka wa hakimu anashikwaje. Siku ya kumi na tatu alinipigia nimsikilize punda akikohoa, akaweka simu mdomoni mwa punda. Nikasikiliza, nikamwambia ni vumbi la majani. Mama yangu alikuwa anamkanda mtoto mafuta. Akaniuliza, "Huyo nani anakohoa hivyo?" Nikamwambia ni ofisi.

Siku ya kumi na tisa alipiga asubuhi.

"Rahma, walaal, dada yangu, nakuomba njoo. Saa moja tu."

"Daktari, niko arobaini."

"Najua. Lakini hawa wanauana. Mwenye shule yuko hapa, amesimama."

"Wanauana nani?"

"Halwa na Nyirinyiri. Halwa ameletwa na kizimba chake amchukue mwenzake, amemrarua sikio. Mwenye shule anasema tumembadilishia mnyama. Anasema tukiharibu hawa atapeleka ngamia wake kwingine."

Ningekata simu. Sikukata, nami najilaumu kwa hilo zaidi ya mnavyoweza kunilaumu. Nilimfikiria yule mdogo wa kahawia, amepona kibofu, ameota manyoya tumboni, halafu anauawa na dada yake. Simbilisi akibaki peke yake huacha kula, na akiacha kula siku mbili ameondoka. Nikavaa jilbabu. Mama alisimama mlangoni.

"Mimi nilikaa arobaini ndani ya nyumba ya mikeka, mwaka wa ukame, ngamia wanakufa nje," akasema. "Hakuna aliyeniambia toka. Wewe unatoka kwa ajili ya panya."

"Hooyo, si panya."

"Ni nini?"

Jina la kitabuni lingemfanya acheke, kwa hiyo nikanyoosha mikono nipewe mtoto. Alimfunga Ifrah vizuri akanipa, kisha akavaa viatu akanifuata, akisema anataka kumwona huyo mgonjwa kwa macho yake.

Nilinusa kosa kabla ya kuliona. Chumba cha wagonjwa kilinukia kama siku ya harusi. Hodan, hapa ndipo unapoingia, na usikasirike kwa kuwa nimeandika, kwa sababu kosa lako lilitoka moyoni. Nilikuuliza, "Nani amefukizwa?"

Ukasema, "Nyirinyiri, abaayo, dada. Amepona leo. Amekaa ndani siku arobaini na mbili. Nikaona atoke kama watu."

Ulikuwa umemfunika kwa kile kikapu tunachofukizia nguo, chetezo kikiwa chini. Mama yangu alicheka mpaka akakaa kwenye gunia la chumvi. Mimi sikucheka sana wakati ule. Kwanza, mapafu ya mnyama huyo ni madogo kama ya kifaranga, moshi si wake. Pili, umemfuta kitambulisho chake chote na kumwandikia kipya. Na tatu, ambalo halikuwa kosa lako bali la daktari, akachukuliwa na uturi wake wote akaingizwa ndani ya kizimba cha Halwa, kwenye nyasi za Halwa. Halwa aliona bibi harusi asiyemjua amekaa kitandani kwake. Hata mimi ningeng'ata.

Basi andikeni jinsi tulivyowarudisha pamoja, maana itatokea tena, wakiwa simbilisi au sungura.

Siku hiyo hatukuwakutanisha. Nilisafisha lile sikio, lilikuwa limekatwa kidogo tu pembeni. Niliviweka vizimba viwili ubavu kwa ubavu, wavu kwa wavu na nafasi ya vidole viwili katikati, pua zisifikiane. Kisha nikachukua nyasi chafu za Halwa nikaziweka kwa Nyirinyiri, na za Nyirinyiri kwa Halwa. Kila nyasi zikichafuka, tunazibadilisha tena. Watu wanaona uchafu, mimi naona Eedo na mchanga wake. Halwa alisaga meno mchana kutwa, ile sauti ya kokoto ndani ya kopo. Simbilisi akisaga meno hivyo anakuonya. Msikilize.

Saa moja ya daktari ikaisha magharibi. Siku ya ishirini nikarudi, kwa sababu kazi ya namna hiyo haiachwi katikati. Uunsi ulikuwa umepungua, meno yalikuwa yamepungua pia. Mchana Halwa alilala akiwa ameegemea wavu upande wa mwenzake. Nikajua kesho inawezekana.

Siku ya ishirini na moja nilitaka mahali ambapo hakuna hata mmoja wao amewahi kukanyaga, pasiwe na mwenyewe wa kupalinda. Palikuwa mahali pamoja tu, ofisi ya daktari. Nikaondoa kapeti lake, nikapangusa sakafu kwa maji na siki, nikazungushia mbao. Katikati nikamwaga rundo kubwa la nyasi kavu na majani ya sukuma, kwa kuwa mwenye mdomo uliojaa hana nafasi ya kung'ata. Vyombo vya maji viwili. Maboksi mawili ya kujificha, na kila boksi nililitoboa milango miwili. Boksi la mlango mmoja ni mtego: mwoga anaingia, mkali anasimama mlangoni, na hapo ndipo damu inapomwagika. Kisha nikawaweka wote wawili kwa mara moja, nikakaa chini na taulo mapajani, Ifrah akinyonya.

Walinusana. Halwa akaanza kutembea akitikisa makalio kushoto na kulia, akinguruma tumboni kama simu inayotetemeka mezani. Daktari alikuwa kwenye kiti chake amekunja miguu juu.

"Anapigana," akasema.

"Hapigani, anatamba. Mwache."

Halwa akamkimbiza. Akampanda mgongoni. Nyirinyiri akapiga kelele, akamrushia mkojo usoni. Mama yangu, ambaye kwa siku tatu alikuwa anakuja eti kunisindikiza, akasema, "Vizuri. Na mimi ningefanya hivyo."

"Watenganishe," daktari akasema.

"Kuna damu?"

"Hakuna."

"Basi bado wanaongea."

Huo ndio mstari, mjue. Kukimbizana, kupandana, kung'oana nywele chache, hayo ni mazungumzo ya nani mkubwa. Ukiwatenganisha hapo, kesho wanaanza upya kutoka salamu. Mara moja tu walisimama uso kwa uso, vichwa juu, midomo wazi, na hapo nilitupa taulo katikati, nikasubiri pumzi zishuke, nikaiondoa. Muda mrefu wakatembea kila mtu upande wake kama watu waliogombana msibani. Halafu Nyirinyiri akaenda kwenye sukuma. Akavuta jani moja refu. Halwa akaja akashika ncha ya pili ya jani lile lile, wakala kila mmoja kutoka upande wake mpaka pua zikagusana. Kisha wakalala chini, ubavu kwa ubavu, na Halwa akaanza kumlamba lile sikio alilolichana yeye mwenyewe.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa ndiyo furaha ya mwisho niliyoipata pale. Tukaosha kizimba kikubwa mpaka kikawa hakinuki mtu, tukawaingiza wote wawili pamoja. Nikamwambia daktari wasiguswe siku kadhaa, wasibebwe na watoto, wasipelekwe shule. Akasema umesema kweli kabisa. Akachukua karatasi na kalamu.

Mnajua aliandika nini.

Nilimwambia daktari kwamba mbuzi watano watashikwa na mtu mwingine, mimi narudi nyumbani kumaliza siku zangu. Akashangaa kwa dhati, na huo mshangao ndio ulioniumiza.

"Lakini wewe umeshaanza kutoka," akasema. "Siku tatu umekuja, mtoto analala, mama yako yuko hapa anasaidia. Likizo si imeshavunjika? Kama uliweza kuja kwa hawa, unaweza kuja kwa wengine. Usipokuja kesho nitajua umeacha kazi, nitaweka mtu."

"Niliitwa, daktari. Saa moja."

"Na hukukataa."

Mama yangu alisimama. Mimi nilidhani atamtukana, na alikuwa na matusi ya kutosha ya Kisomali na ya soko. Akamtazama tu. "Adeer Bishar," akasema, "wewe umezaliwa siku ngapi kabla mama yako hajatoka nje?" Daktari alirekebisha karatasi yake iliyokuwa imepinda.

Sikurudi kukata kwato. Nilikwenda nyumbani nikanyonyesha, nikakaa na kalamu. Asubuhi nilipita ofisi ya leba, kwa afisa wa kazi, na huko nako niliulizwa kama siwezi kuzungumza na daktari kwanza kama watu wazima. Nikasema nimezungumza naye miaka tisa, leo naandika. Afisa alisoma, akacheka mahali pawili, akagonga muhuri. Daktari aliitwa wiki iliyofuata, na likizo yangu nikaipata yote iliyobaki, bila simu. Nawanakilia malalamiko yenyewe hapa chini, neno kwa neno, mwenye kuyahitaji abadilishe jina.

*

Kwa Afisa wa Kazi,
Garissa.

YAH: KUITWA KAZINI NIKIWA LIKIZO YA UZAZI NA KUTISHIWA KUFUKUZWA

Mimi Rahma, mhudumu wa wanyama, ninamlalamikia mwajiri wangu kwa mambo yafuatayo.

Nilijifungua na kuanza likizo ya miezi mitatu kwa idhini yake ya maandishi. Katika siku kumi na tisa za kwanza alinipigia simu mara nyingi kwa mambo ya kazi, ikiwemo mara moja kunisikilizisha punda. Siku ya kumi na tisa aliniita kwa dharura ya saa moja. Nilifanya kazi siku tatu, pamoja na mtoto mchanga. Nilikwenda kwa hiari kwa sababu mnyama angekufa. Hiari hiyo ilikuwa ya mnyama mmoja na ya siku hizo. Sikumkabidhi likizo yangu.

Mwajiri anasema kwa kuwa nilikuja, likizo imevunjika, na nisipofika kazini nimejifukuza mwenyewe. Sijajifukuza.

Naomba ofisi yako imwagize haya:

Kwanza, anirudishie zile siku tatu, ziongezwe mwishoni.

Pili, asinipigie simu. Akitaka kujua kitu kuhusu kliniki, amuulize Hodan, ambaye anajua zaidi ya anavyodhaniwa.

Tatu, aandike na kutia sahihi kwamba mwanamke mwingine yeyote wa kliniki hiyo akijifungua, hataitwa kwa mnyama wa aina yoyote, mkubwa au mdogo, wa tajiri au wa maskini.

Nne, nafasi yangu isipewe mtu kabla ya likizo kwisha. Siku ya kwanza baada ya likizo nitafika kazini saa mbili kamili, nitamkabidhi barua ya kuacha kazi kwa mkono wangu, nami nitaondoka. Lakini likizo kwanza.

Wako mtiifu,
Rahma.